Mlumbi na Mwigizaji: Uhakiki wa Matumizi ya Mbinu za Uigizaji katika Kuwafunza Wazungumzaji wa Hadharani

Wazo kwamba mwigizaji anaweza kumfunza mlumbi si jipya. Plutarch anasimulia kwamba Demosthenes, baada ya kushindwa kusikilizwa na Waathene, alifuatwa na mwigizaji Satyrus, akatakiwa kukariri kifungu cha Euripides au Sophocles. Alipomaliza, Satyrus alikikariri kifungu kilekile, na Demosthenes akahisi kwamba amesikia maneno mengine kabisa. Cicero naye anahusishwa na waigizaji Roscius na Aesopus. Hata hivyo, Quintilian, aliyeandika mwishoni mwa karne ya kwanza, aliweka mpaka: mwigizaji amrekebishe kijana matamshi na mwenendo wa mwili, lakini mlumbi asigeuke kuwa mchekeshaji. Makala haya yanahoji kwamba kasoro ya mafunzo ya uzungumzaji ya leo haitokani na kukopa kutoka jukwaani, bali inatokana na kukopa kitu kisichofaa. Mafunzo hayo huchukua umbo la nje la mwigizaji na kuacha namna anavyomfikiria mtu anayesema naye.

Umbo la nje ndilo linalouzika kwa urahisi. Mshiriki huambiwa asimame miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, afungue viganja, ashushe sauti mwishoni mwa sentensi. Mfano unaopendwa ni wa Margaret Thatcher, ambaye katika miaka ya 1970 alisaidiwa na mkufunzi wa sauti wa National Theatre ya London kushusha kidatu cha sauti yake. Mfano huu hutolewa kama ushindi. Ni nadra kuulizwa kwa nini sauti ya mwanamke ndiyo iliyotakiwa kurekebishwa, ilhali masikio ya wasikilizaji hayakuguswa. Sambamba na hilo hutajwa takwimu za Albert Mehrabian za mwaka 1967: asilimia 7 kwa maneno, 38 kwa sauti na 55 kwa uso. Majaribio hayo yalihusu hisia za kupenda na kutopenda, hasa pale neno na namna ya kulitamka vinapopingana. Anayezitumia kudai kwamba maudhui ya taarifa ya mapato na matumizi yana uzito wa asilimia 7 hajapata kukaa katika mkutano mkuu wa kijiji.

Wakufunzi walio makini zaidi humwendea Konstantin Stanislavski, mwanzilishi mwenza wa Moscow Art Theatre mwaka 1898, ambaye kitabu chake kuhusu maandalizi ya mwigizaji kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1936. Hapo pana hazina, ila si kila kilichomo kinamfaa mlumbi. Stanislavski alimfunza mwigizaji mwenye hofu ajichoree duara la umakini, aanze na vitu vilivyo karibu naye kabla ya kulipanua, hadi awe kama aliye peke yake mbele ya mamia ya watu. Hali hiyo aliiita upweke hadharani. Kwa mwigizaji wa tamthilia za Chekhov hiyo ni tiba. Kwa mlumbi, inamwondoa mbele ya watu aliokuja kusema nao. Mtahiniwa anayetetea tasnifu yake akiwa ndani ya duara la namna hiyo atamaliza slaidi zote kwa utulivu mkubwa, bila kutambua kwamba mtahini wa nje aliacha kuandika tangu slaidi ya tatu.

Kilicho bora katika urithi wa Stanislavski ni dhana ya kusudi. Mhusika hasemi ili maneno yatoke. Anasema ili aliye mbele yake abadilike. Katika mazoezi ya jukwaa nchini Uingereza dhana hii imekuzwa kuwa zoezi la kuipa kila kauli kitenzi elekezi kinachomhusu msikilizaji. Hapa ndipo lugha yetu inapotoa mchango ambao haujapewa nafasi inayostahili. Kiswahili hubeba yambwa ndani ya kitenzi chenyewe: ninawatuliza, ninawaonya, ninawachokoza. Kiambishi -wa- kinamweka msikilizaji katikati ya tendo.

Tuchukue kauli moja kavu, ambayo mtendaji wa kijiji anaweza kulazimika kuitoa: kisima cha shule hakijakamilika. Iwapo pembeni mwa karatasi ameandika "ninaeleza", amejipa ruhusa ya kuongea na karatasi. Akiandika "ninawatuliza", kasi itaongezeka na tabasamu litamtoka hata asipotaka. Akiandika "ninawaomba msamaha", sauti itatafuta mahali pa kusimama. Akiandika "ninawashtakia mkandarasi", kauli ya kutendea inawafanya wanakijiji kuwa mahakimu, naye mwenyewe anasogea kando. Akiandika "ninawajibu", hana budi kukumbuka nani aliuliza nini katika mkutano uliopita. Katika hali zote hizo, hakuna aliyemwelekeza kuhusu kidatu, mikono wala miguu, na bado vyote vimebadilika. Zaidi ya hayo, zoezi linafichua jambo ambalo mafunzo ya umbo la nje hulificha: mtendaji anayetuliza na mtendaji anayejibu hawafanyi kazi moja, na kuchagua kati yao ni uamuzi wa kimaadili kabla ya kuwa wa kisanaa.

Kwa sababu hiyo, Bertolt Brecht anamfaa mlumbi kuliko wengi wanavyodhani. Katika insha yake kuhusu tukio la mtaani, kielelezo chake ni shahidi wa ajali anayewaonyesha wapita njia jinsi dereva na mwathirika walivyotenda. Shahidi huyo haigeuzi nafsi yake kuwa dereva. Anaonyesha kiasi kinachotosha ili waliomzunguka waamue, nao wanaweza kumkatiza na kumpinga. Fanani wa ngano zetu yuko karibu naye: huingia katika sauti ya fisi na kutoka, na hawezi hata kuanza kabla hadhira haijamjibu "pakawa". Kumfunza mzungumzaji wa Kiafrika Mashariki kana kwamba kati yake na watu kuna ukuta usioonekana ni kumnyang'anya alichokuja nacho.

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba mbinu inayomlenga msikilizaji ni njema. Mwalimu Julius Nyerere, mlumbi mwenyewe, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, na toleo lililorekebishwa, Juliasi Kaizari, likatoka mwaka 1969. Katika onyesho la pili la sehemu ya tatu, Brutus anahutubia kwa nathari iliyopangwa vizuri, anauliza kama yupo aliyemkosea, anapokea jibu na kuondoka. Antony anafanya kila ambalo mkufunzi bora angemwagiza. Ananyamaza ili umati useme, anateremka kutoka mimbarini, anawapanga watu kuizunguka maiti, anawaonyesha vazi lililotobolewa kabla ya mwili wenyewe. Kila kitenzi chake kina -wa- ndani yake. Katika onyesho linalofuata, umati huo unamvamia mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa waliokula njama.

Mafunzo yanayoishia kwenye makofi hayana nafasi ya Cinna. Kwa upande huu, tajiriba ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo nchini Tanzania, hususani kazi ambayo Penina Mlama na wenzake waliifanya Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina la kuwafunza wakufunzi wa uzungumzaji. Katika mkabala huo, onyesho halikamiliki bila mjadala ambamo wanakijiji huyapima waliyoonyeshwa na kuamua la kufanya. Zoezi la uzungumzaji lingeweza kupangwa vivyo hivyo: mshiriki akimaliza hotuba, asiulizwe kwanza alijisikiaje, wala wenzake wasiulizwe kama alivutia. Waulizwe wameamini nini, kwa ushahidi upi, na nani ataumia ikiwa si kweli. Mzungumzaji abaki amesimama palepale mpaka wamalize kujibu.