Wembe Butu

Mtoto wa mbwa akinyonyoka manyoya pembeni mwa jicho au kwenye mguu wa mbele, watu hukimbilia dawa. Daktari wa mifugo ninayempenda kumtazama kazini hukimbilia wembe, tena ulio butu.

Kwanza husugua ncha ya sikio kwa vidole. Mbwa mwenye upele wa Sarcoptes mara nyingi papo hapo huanza kurusha mguu wa nyuma kama anayejikuna. Upele huo huwasha usiku na mchana, na humwambukiza hata mwenye mbwa. Huyu wa leo ametulia, wala hajikuni. Daktari hubana mkunjo wa ngozi, akaukamua taratibu, akadondosha tone la mafuta, kisha hukwangua kwa kufuata manyoya yanakolalia. Magamba ya juu hayamtoshi. Huendelea mpaka vitone vya damu vianze kuchungulia, kwa sababu mdudu anayemtafuta, Demodex canis, haishi juu ya ngozi: amejichimbia ndani ya vijitundu yanamoota manyoya. Mwenye haraka hukwangua juu juu, akatazama kioo kitupu, akatangaza kuwa hakuna kitu. Karibu na jicho wembe haufai. Hapo hung'oa manyoya machache kwa kibanio na kuchunguza mashina yake.

Kwenye hadubini hupunguza mwanga, maana wadudu hawa hupenywa na nuru na ukiizidisha wanapotea. Wana umbo la sigara, urefu kama robo ya milimita, miguu mifupi imesongamana upande wa mbele. Huwahesabu kwa mafungu: wakubwa, wachanga wenye miguu sita, mayai yaliyochongoka, nani hai, nani mfu. Yote huyaandika kwenye kadi. Kazi hii inachosha kuitazama, na bado sichoki.

Kupatikana kwa mdudu si lazima kumaanishe ugonjwa. Mbwa wengi wenye afya wanao wachache, waliowapata kwa mama zao siku za mwanzo za kunyonya. Huzidi pale kinga inapokuwa bado changa.

“Daktari, nimetoka mbali. Hata sindano moja?” akaomba mwenye mbwa.

“Mama, huyu ana miezi minne na mabaka mawili. Mpe dawa ya minyoo, mlishe vizuri, mlete baada ya mwezi.”

Naona kukataa huko kunahitaji mkono thabiti zaidi kuliko kukwangua. Mabaka machache katika umri huo, karibu tisa kwa kumi, hupona yenyewe. Sindano ya steroidi ingemfurahisha mama na kuishusha kinga ileile inayotegemewa, na mabaka mawili yangeweza kuenea mwili mzima. Hapo ndipo vidonge vya kuua wadudu hawa, kama vya fluralaner, vina kazi yake. Alikataza pia oili chafu ya gari, ambayo mitaani bado inapakwa mbwa: huunguza ngozi, na mnyama hujilamba akameza sumu.

Mwezi uliofuata manyoya yalikuwa yameanza kuota, na mama akaona mambo yamekwisha. Daktari alikwangua palepale, kwa kina kilekile. Alikuta wakubwa wanne, wachanga hakuna, yai hata moja hakuna. Akaandika chini ya hesabu ya kwanza, akampangia mama tarehe nyingine ya kurudi.