Nasibu Si Holela

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa katika ziara ya kazi mkoani Singida, alionyeshwa mwongozo mfupi uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya makarani wa kuteua vijiji vitakavyotembelewa na wakaguzi wa kilimo cha alizeti. Vijiji vilikuwa 24, na kila kimoja kilipewa herufi yake katika abjadi yetu, kuanzia a, b, ch, hadi z. Kompyuta ilitoa namba, na karani alitakiwa kuigeuza namba hiyo kuwa herufi. Kiswahili cha mwongozo ule kilikuwa safi, wala sarufi yake haikuwa na kasoro. Hata hivyo, yalikuwamo maneno matatu yaliyotosha kuiharibu kazi yote.

La kwanza ni *kiholela*. Mwongozo ulisema kwamba kompyuta "huteua namba kiholela". Mtumishi wa serikali analijua neno hili vizuri, kwa maana amelizoea katika nyaraka za kukaripia: ujenzi holela, makazi holela, uuzaji holela wa dawa. Holela ni jambo lisilofuata utaratibu. Lakini uteuzi unaozungumzwa hapa una utaratibu mkali kuliko uteuzi mwingine wowote, kwani sharti lake ni kwamba mkono wa mtu usiingie. Karani mmoja alinieleza kwa unyofu kabisa kwamba kompyuta ilipogoma, yeye alichagua herufi mwenyewe, "kiholela, kama mlivyoandika". Hakukosea kusoma. Mkosaji ni mfasiri.

Wapo wanaopendelea *bila mpangilio*. Neno hilo halina tusi, lakini nalo halitoshi. Linaeleza sura ya namba zikishatoka, yaani kwamba hazifuatani kwa namna inayotabirika, wala halisemi kila namba ilikuwa na nafasi gani ya kutoka. Tunalo neno *nasibu*, ambalo katika Kiarabu asili yake ni fungu au sehemu inayomwangukia mtu. Humo mna mambo yote mawili tunayoyahitaji: kutojua litakaloanguka, na kuwapo kwa mafungu. *Kura* lingefaa zaidi, maana hapo zamani kupiga kura kulikuwa kutupa vipande ili bahati iamue. Lakini uchaguzi umekwisha kulichukua neno hilo, na mtu akisikia kura leo huwaza karatasi na sanduku.

Neno la pili ni *sawasawa*. Mwongozo uliagiza kwamba herufi "zigawanywe sawasawa". Makarani wakaelewa kwamba herufi ikishatoka isitoke tena mpaka nyingine zote zimetoka. Ikiwa ndivyo, basi herufi ya ishirini na nne haina bahati yoyote ndani yake. Kila mtu angeweza kuitaja kabla haijatolewa. Kilichokusudiwa ni usawa wa *nafasi*, si usawa wa *matokeo*. Wanaocheza upatu wanaijua tofauti hii bila kufundishwa: vikaratasi vyote vikatwe kwa kipimo kimoja na vikunjwe namna moja, lakini hakuna amwahidiye mwenzake kwamba mwezi huu hatatanguliwa na yule aliyetangulia mzunguko uliopita.

La tatu ndilo zito, ingawa ndilo linaloonekana dogo. Mwongozo ulisema: "Namba ikizidi idadi ya herufi, rudi mwanzo." Mwanzo wa nini? Mwanzo wa abjadi, au mwanzo wa kazi? Makarani wawili waliokaa meza moja walifuata njia mbili. Mmoja aliendelea kuhesabu tena kutoka a. Wa pili aliitupa namba ile akaomba nyingine. Sentensi inawaruhusu wote wawili, lakini hesabu haiwaruhusu.

Tuitazame hesabu yenyewe. Baiti moja ya kompyuta hutoa namba kuanzia 0 hadi 255, yaani namba 256, na tukubali kwamba zote zina nafasi sawa. Gawanya 256 kwa 24: jibu ni 10, baki 16. Karani anayezunguka abjadi huipitia yote mara kumi, kisha namba 16 zilizosalia humwangukia a hadi p. Kwa hiyo kila kijiji chenye herufi ya a hadi p kina nafasi 11 katika 256, na vile vinane vya r hadi z vina nafasi 10 tu. Kompyuta haikupendelea, wala karani hakupendelea; upendeleo umeletwa na baki. Anayetupa namba zote kuanzia 240 hadi 255 hubakiwa na namba 240, kumi kwa kila herufi, na hasara yake ni kurudia mara moja katika kila mara 16, kwa wastani.

Atakayesema kwamba tofauti ya kumi na kumi na moja ni ndogo na aushike mfano huu. Mkoa wa Singida una halmashauri saba. Tuseme tunateua moja kwa tarakimu moja, 0 hadi 9, kama zilivyo katika majedwali ya tarakimu za nasibu yaliyotumiwa kabla ya kompyuta kuenea (lile la RAND la Marekani, lililochapishwa mwaka 1955, lina tarakimu milioni moja). Kumi kwa saba ni moja, baki tatu. Kwa njia ya kuzunguka, halmashauri tatu za mwanzo wa orodha zina nafasi mbili mbili, na nne zilizobaki zina moja moja. Hapo mwananchi wa mwisho wa orodha ana haki ya kulalamika, na hatujui tutamjibu nini, maana karatasi yetu inasema "sawasawa".

Tunapendekeza basi *namba za nasibu*, *nafasi sawa*, na kwa lile la tatu vitenzi viwili vilivyo wazi, *kutupa* na *kutoa upya*. Neno *baki* wanafunzi wa shule za msingi wanalo tayari, na hakuna sababu ya kulitafutia jingine. Tunajua kwamba nasibu litapingwa. Mzee mmoja katika kikao chetu aliuliza iwapo serikali sasa inacheza bahati nasibu na wakulima. Swali hilo lina uzito, na mwalimu hana budi kutumia dakika chache kulijibu. Lakini ni afadhali kueleza neno lenye kivuli cha mchezo kuliko kulitetea lenye kivuli cha uzembe.

Maagizo yale yangeweza kuandikwa hivi: "Kompyuta itoe namba moja ya nasibu kuanzia 0 hadi 255. Ikiwa ni 240 au zaidi, itupwe, na namba nyingine itolewe upya. Ikiwa ni chini ya 240, igawanywe kwa 24, na baki litazamwe: 0 ni a, 1 ni b, 2 ni ch, na kuendelea hadi 23, ambayo ni z. Herufi iliyokwisha kutoka yaweza kutoka tena. Karani asichague herufi mwenyewe kwa hali yoyote."