«Ongeza RAM»: dawa yenye kuua mashini virtueli

Wengi wetu tuko na Linux, lakini programu ya kushona picha za drone inataka Windows na karti grafiki ya kweli. Basi mtu anaweka Windows ndani ya mashini virtueli, anaikabizi karti, na kisha nusu saa kila kitu kinazimika. Akiuliza kwa wenzake, jibu ni moja: «Ongeza RAM.» Hilo jibu ndilo niko napinga.

Mashini virtueli ya kawaida inaazima RAM kidogo kidogo, na Linux inaweza kuirudisha kwa diski. Ukiipa karti kupitia VFIO, hiyo inaisha. Karti inaandika yenyewe ndani ya RAM bila kupitia prosesa, kwa hiyo RAM yote ya mgeni inafungwa pale pale, isihame. Ukiandika 6 GB, ni 6 GB zinaondoka tangu kuwasha, hata Windows ikiwa imelala. Kwa mashini ya 8 GB, kama hizi za okazioni tunanunua hapa Bukavu, Linux inabaki na 2. Fungua QGIS na navigateri pembeni: kerneli inatafuta nani wa kuua, na kawaida inaua mwenye kula sana, ni kusema QEMU. Haikuanguka, imeuawa. Andika journalctl -k, utaona «Out of memory». Mwenye kukuambia upandishe mpaka 7 amekusukuma shimoni.

Dawa ya pili ni mbaya kuipita hiyo. Vifaa vinapangwa kwa makundi ya IOMMU, na kundi moja halitenganishwe. Karti ikiwa kundi moja na kontrola ya diski, watu wanakimbilia kiraka cha ACS, chenye kudanganya kerneli kwamba vifaa vimetengana. Kwa nyaya hakuna kitu kilibadilika! Kifaa kimoja kinaweza bado kumwaga takataka ndani ya kingine. Kwa michezo, sawa. Kwa mashini yenye kubeba picha za mashamba ya Kabare na memwari za watu watatu, hapana. Jaribu kwanza kuhamisha karti kwa tundu lingine la PCI.

Na kama mara ya kwanza inawaka vizuri, unazima mgeni, unawasha tena na mashini nzima inaganda, usifanye formata. Karti zingine za AMD hazijui kujianzisha upya. Kuko moduli inaitwa vendor-reset juu ya hiyo.

Kabla ya yote, toa karti, washa mgeni bila yenyewe. Akianguka bado, karti haina kosa.

Wenye wanataka paka kutoa pointi za GPS wasijisumbue na hii yote. GPS nyingi za Garmin zinaonekana kwa Linux kama kle USB, na QGIS inasoma GPX bila Windows.