Teule au Teuzi? Uhakiki wa Lugha ya Lebo za Viuagugu

Watumiaji wa istilahi hutulaumu mara kwa mara kwamba tunabishana juu ya irabu moja huku kazi za watu zikingoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba silabi moja ya mwisho inaweza kuangamiza bustani nzima ya nyasi, na pengine kumdhuru mtu. Maandishi tunayoyahakiki si kitabu. Ni lebo za viuagugu zinazouzwa katika maduka ya pembejeo, pamoja na vikaratasi vya maelezo vinavyoambatana nazo.

Tulizisoma lebo hizo Msata, pale barabara itokayo Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze na Segera. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alitukaribisha uani kwake. Baada ya kumwamkia alituonyesha kiwanja cha ukoka kilichokauka na kuwa rangi ya mchanga. Katikati yake mbigili na mchunga vilikuwa vimestawi kama vilivyotiwa mbolea. “Wanangu,” alisema, “niliyataka haya yafe na ukoka ubaki. Nikasoma ‘dawa teule ya nyasi’, nikajua nyasi zangu zimepatiwa dawa yao.” Mzee hakukosea kusoma. Aliyekosea ni mfasiri.

Tuanze na neno “teule”. Kiswahili hutofautisha mtenda na mtendwa kwa irabu ya mwisho. Mshindi ni aliyeshinda. Mshinde ni aliyeshindwa. Kitenzi “teua” nacho kina jozi ya namna hiyo. Mteuzi ni achaguaye. Mteule ni aliyechaguliwa. Ndiyo maana twasema “rais mteule”, na hakuna anayedhani kwamba rais huyo ndiye aliyekuwa akichagua. Kwa hiyo “dawa teule”, kwa msomaji yeyote anayeijua lugha yake, ni dawa iliyochaguliwa na wataalamu kwa kuwa ni bora. Maana hiyo ni sifa ya biashara, na wala si onyo.

Dhana iliyokusudiwa ni kinyume chake. Kuna viuagugu vinavyochagua vyenyewe mimea ya kuua. Kile kiitwacho 2,4-D, kilichoanza kuuzwa katika miaka ya 1940, huiga homoni ya ukuaji ya mimea. Mimea ya majani mapana hujipinda na kufa, ilhali jamii ya nyasi huhimili ikiwa kipimo kimefuatwa. Vipo vingine, vinavyotumika katika mashamba ya maharage, ambavyo huua nyasi na kuyaacha majani mapana. Hicho ndicho alichouziwa mzee wetu. Kadhalika vipo visivyochagua, kama vile glifosati, iliyoingia sokoni mwaka 1974, ambayo huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa. Sifa ya kuchagua ni ya dawa yenyewe, kwa hiyo istilahi ifaayo ni “kiuagugu kiteuzi”. Wako wanaopendelea “kibaguzi”. Maana yake ni sahihi, lakini neno hilo limekwisha kubeba mzigo wa siasa, na hatuoni sababu ya kuutwika bustani.

Kosa la pili limo katika neno “dawa” likifuatwa na “ya”. Dawa ya macho huyatibu macho. Dawa ya mbu huwaua mbu. Wasemaji hawakanganyiki, kwa sababu kila mtu anajua kwamba macho hutunzwa na mbu hufukuzwa. Lakini nyasi je? Kwa mkulima wa mananasi wa Kiwangwa ukoka ni adui. Kwa mwenye uwa wa Msata ndio zao lenyewe. Gugu si jina la mmea, bali ni jina la mmea ulioota mahali usipotakiwa. Hivyo “dawa ya nyasi” haina maana moja, na lebo isiyo na maana moja ni mtego. Hatudai kwamba watu waache kusema “kupiga dawa”. Usemi huo ni wao, na tutausikia siku zote. Twadai tu kwamba lebo iseme “kiuagugu” au “sumu ya magugu”.

Tatu ni neno “mazao”. Karatasi moja ilionya: “Usinyunyizie mazao.” Mpapai wa jirani ulioegemea ua si zao machoni pa anayepiga bomba, wala mchicha wa nyuma ya jiko, wala mchunga, ambao kwa mwenye bustani ni gugu na kwa mwenzake ni mboga ya jioni. Hata hivyo mpapai na mnyanya hudhurika upesi kwa matone ya 2,4-D yanayopeperushwa na upepo, na mchunga ulionyunyiziwa hauliki. Onyo lingesema: “Usinyunyizie upepo ukivuma. Usichume mboga mahali palipopuliziwa.” Vivyo hivyo, ndago huwekwa katika kundi la nyasi, ingawa shina lake lenye pembe tatu laonyesha kwamba ni wa jamii nyingine. Anayenunua kiuagugu cha nyasi kwa ajili ya ndago hupoteza fedha, kisha huongeza kipimo kwa hasira. Hapo hatari huanza.

Nne ni ukanda wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu, manjano, buluu na kijani hupangwa kwa kadiri ya ukali wa sumu. Kijani haina maana ya “salama”, lakini karatasi tuliyoisoma ilitumia neno hilo hilo. Ukanda wa kijani haumruhusu mtu kuacha glavu, buti na nguo za mikono mirefu, wala kuhifadhi sumu ndani ya chupa ya soda, wala kuwaacha watoto wacheze juu ya nyasi kabla hazijakauka.

Tunakiri kwamba “kiteuzi” peke yake hakitamwokoa mnunuzi. Istilahi ni ya mfasiri, mwalimu na ofisa. Mnunuzi anahitaji sentensi. Kwa hiyo twapendekeza kila lebo ibebe vyote viwili: jina, “kiuagugu kiteuzi”, na chini yake, kwa herufi kubwa, maneno kama haya: “Huua magugu ya majani mapana. Hakiui ukoka.” Au: “Huua nyasi zote, pamoja na ukoka.” Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo yenye dhamana ya viuatilifu nchini. Wafasiri wanaoandaa lebo na wanaisimu wana wajibu wa kuipatia maneno yasiyoteleza.

Mzee wa Msata amepanda ukoka upya, na sasa hung'oa mbigili kwa jembe. Tulipoagana alituuliza kama “teuzi” litaandikwa lini. Swali hilo twaliwasilisha kwa wasomaji wetu, hasa wale ambao lebo hupita mezani kwao kabla ya kwenda kiwandani.