Jicho Pevu na Sarufi ya Tuhuma: Uhakiki wa Kazi ya Mohamed Ali katika Runinga

Wahakiki wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya wamezoea kuitafuta nathari katika vitabu. Riwaya ikitoka, husomwa, hupimwa kwa fani na maudhui, na haichukui muda mrefu kabla ya kupata tasnifu yake. Lakini nathari ya Kiswahili ambayo pengine iliwafikia Wakenya wengi kuliko riwaya yoyote ya wakati wake haikuchapwa popote. Ilisomwa kwa sauti nzito, ya polepole, juu ya picha za kamera za siri na hati za polisi, katika kipindi cha Jicho Pevu cha kituo cha KTN, na mtunzi na msomaji wake alikuwa Mohamed Ali. Kazi hiyo imejadiliwa sana na wanasiasa, mawakili na watazamaji. Wataalamu wa lugha, ambao ndio wenye zana za kuijadili, wameiachia wengine.

Yafaa kuanza na jina la kazi yenyewe, kwa kuwa Kiswahili bado hakijakubaliana juu yake. Tanzania husema uandishi wa habari za uchunguzi. Kenya imependelea upekuzi, na Mohamed Ali amezoeleka kutambulishwa kama mwanahabari mpekuzi. Tofauti hiyo si ndogo. Mchunguzi huweza kuwa daktari, mwanasayansi au tume ya serikali. Neno lake limevaa koti jeupe. Mpekuzi anatoka uani. Kupekua ndiko afanyako kuku ardhini, akigeuza takataka kutafuta punje, na kwa matumizi ya kawaida mpekuzi ni mtu anayetia mkono katika mambo yasiyomhusu. Kwamba Wakenya walilichukua neno lenye lawama ndani yake wakalifanya cheo cha heshima ni ushahidi wa jinsi walivyoyaona mambo ya dola: yamefukiwa, na anayeyafukua lazima achafuke.

Anwani ya kipindi nayo ilichaguliwa vizuri, pengine vizuri kuliko watunzi wake walivyokusudia. Jicho lililopevuka ni jicho la mtu mzima, lisilodanganywa na mapambo. Lakini kila aliyelelewa karibu na mwembe anajua kuwa embe pevu si lazima liwe embe bivu. Limekomaa, limejaa, linaweza kuangushwa. Bado ni kali, na lisipovundikwa halitalika. Tofauti hiyo ya vivumishi viwili ndiyo inayoeleza hali ya ufichuzi mwingi wa Jicho Pevu. Kipindi kiliangusha matunda yaliyopevuka. Kazi ya kuyavundika ilikuwa ya polisi, ya mwendesha mashtaka na ya mahakama, na mara nyingi hakuna aliyeyachukua. Mtazamaji akabaki na ukali wa tunda mdomoni, akadhani ndio utamu wake.

Ili kuona uzito wa mageuzi haya ya lugha, hapana budi kukumbuka Kiswahili cha utangazaji kilikuwa kikikemea nini hapo awali. Tangu mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, aliendesha kipindi cha Je, Huu ni Uungwana?, ambacho anwani yake ni swali na ambacho kiliwauliza Wakenya swali hilo kwa miongo mingi. Kilikuwa kipindi cha adabu. Kilimkemea anayemsumbua jirani, anayesahau haya mbele za watu, anayekula asivyopaswa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, chenye staha na kicheko, na mlengwa wake daima alikuwa raia. Mkubwa wa serikali hakuulizwa kama alilotenda ni uungwana. Hili halipunguzi hadhi ya Mbotela, aliyefanya kazi katika shirika la serikali na ambaye tarehe 1 Agosti 1982 alilazimishwa na wanajeshi waasi kutangaza mapinduzi. Mtu aliyepitia hayo alijua vyema maneno ya redioni yana thamani gani. Lakini lugha iliyokuwa imezoezwa kumkemea mnyonge ilikuwa haijazoezwa kumshtaki mwenye nguvu, na ndilo pengo alilolikuta Mohamed Ali.

KTN, iliyoanza mwaka 1990 kama kituo cha kwanza cha runinga cha binafsi nchini, ilikuwa mahali panapofaa kwa jaribio hilo, na mahali pa hatari. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia afisi za kampuni ya Standard, wakachoma magazeti na kuizima KTN. Waziri wa usalama wa ndani wakati huo, John Michuki, aliwajibu waandishi kwa mfano wa nyoka anayemuuma anayemchokoza. Kampuni yenye kituo hiki, basi, ilikuwa yenyewe sehemu ya habari za aina hii, na waliofanya kazi humo walikuwa wamekwisha kuona gharama yake.

Kazi inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni ile ya Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wa al-Shabaab walilivamia jengo hilo la maduka jijini Nairobi, na watu 67 wakauawa. Mwezi uliofuata Mohamed Ali na John-Allan Namu, mwenye kipindi cha Kiingereza cha The Inside Story katika kituo hicho hicho, walitoa uchunguzi uliojulikana zaidi kwa anwani yake ya Kiingereza, Wolves at Westgate. Picha za kamera za ulinzi zilizotangazwa wakati huo zilionyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko. Jeshi lilieleza kwamba askari walichukua maji ya kunywa. David Kimaiyo, aliyekuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, alitishia kuwachukulia wanahabari hao hatua. Kabla mwezi Oktoba haujaisha jeshi lenyewe likatangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa kazi na kufungwa kwa wizi.

Kifani, nguvu ya jambo hili imo katika uchache wa maneno yanayohitajika. Mfuko wa dukani mkononi mwa askari hauhitaji tashbihi. Picha inapobeba ushahidi, msimulizi hutakiwa kutaja saa, mahali na mtu, na kunyamaza. Linganisha na uchunguzi wa Death in Ten Minutes, wa mwaka huo huo wa 2013, juu ya ajali ya helikopta ya tarehe 10 Juni 2012 iliyowaua Profesa George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na wengine wanne. Hapa hakuna kamera iliyokuwa ndani ya chombo hicho. Panapokosekana picha, sauti hulazimika kufanya kazi ya macho: muziki hupanda, maswali ya balagha hufuatana, na msikilizaji huongozwa mpaka mlangoni pa hitimisho ambalo msimulizi mwenyewe halitamki. Ni mbinu ya zamani katika simulizi, na fanani hodari huitumia kwa haki. Ila fanani wa hadithi hamshtaki mtu aliye hai. Swali la balagha katika ngano ni pambo. Katika runinga ni tuhuma isiyo na kiima, na asiyetajwa hawezi kujibu, hata ikiwa kila mtazamaji anamjua.

Hili ndilo tatizo kuu la lugha katika kazi yote ya Mohamed Ali, na si lake peke yake. Kila mwanahabari wa Kenya anayechunguza kwa Kiswahili ni mfasiri kwanza. Kitabu cha matukio cha polisi, ripoti ya mpasuaji maiti, barua ya wizara, hati ya kiapo, karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Kamera huonyesha karatasi ya Kiingereza yenye mstari uliopakwa rangi ya manjano, na sauti huieleza kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo hufanywa mbele ya macho ya watazamaji bila kutambuliwa kuwa ni tafsiri, na humo ndimo uzito wa tuhuma unapobadilika.

Chukua kitenzi kimoja tu. Kiingereza cha magazeti kina kielezi kifupi cha kujikinga, kinachopachikwa popote ili kuonyesha kwamba jambo limedaiwa, halijathibitishwa. Kiswahili hakina kielezi hicho. Kinatumia kitenzi, na kitenzi kilichozoeleka katika vyumba vya habari vya Kenya ni "anadaiwa": fulani anadaiwa kuua, anadaiwa kupokea, anadaiwa kuficha. Lakini kudai ni kutaka kilicho chako kutoka kwa mwingine, na anayedaiwa, katika Kiswahili cha dukani na cha nyumbani, ni mwenye deni. Kikinga cha mwanasheria kimegeuka kuwa mzigo wa mshukiwa. Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sarufi ya "anadaiwa" inamchukulia kuwa ana kitu cha kulipa. Msikilizaji asiyejua sheria, na ndiye aliyekusudiwa, husikia deni.

Mwandishi akikimbilia "inasemekana", hali huwa mbaya kwa namna nyingine. Kauli ya kutendeka haikubali mtenda. Mtu aweza kusema "inadaiwa na polisi", "ilisemwa na waziri", lakini hawezi kusema "inasemekana na waziri" bila kuivunja lugha. Kwa hiyo "inasemekana" si tu kwamba haimtaji msemaji. Haina nafasi ya kumweka. Kwa mpekuzi anayemlinda mtoa habari wake, hilo ni hifadhi. Kwa mtazamaji anayetaka kupima ushahidi, ni ukuta. Mohamed Ali, kwa sifa yake, hakuwa mtumwa wa kitenzi hiki. Nguvu yake ilikuwa katika kutaja, na mtu anayetaja hujiweka wazi. Katika pande zake dhaifu, hata hivyo, alizipitisha kwa swali shaka ambazo zingepaswa kukaa katika sentensi ya taarifa, yenye kiima, kitenzi na chanzo.

Desemba 2013, miezi miwili baada ya sakata la Westgate, sheria ya habari na mawasiliano ilirekebishwa na kuunda baraza la kusikiliza malalamiko lenye uwezo wa kukitoza chombo cha habari faini ya hadi shilingi milioni 20, na mwanahabari hadi shilingi 500,000. Tangu hapo uchaguzi wa kitenzi una bei. Inashangaza kwamba hakuna idara ya Kiswahili iliyochukua nafasi hiyo kuandaa mwongozo wa istilahi za tuhuma: lini mtu ni mshukiwa, lini ni mtuhumiwa, lini ni mshtakiwa, na tofauti hizo zina maana gani ng'ambo ya mpaka wa Namanga, ambako mtuhumiwa hufanya kazi ambayo Kenya humpa mshukiwa. Vyumba vya habari vimeachwa viamue vyenyewe, saa moja kabla ya taarifa.

Mwaka 2017 Mohamed Ali aliacha runinga, akawania ubunge wa Nyali, Mombasa, akiwa mgombea wa kujitegemea, akashinda. Mwaka 2022 akarudishwa kwa tiketi ya UDA. Njia hiyo haikuwa yake pekee. Saed Kubenea wa Dar es Salaam, mhariri wa gazeti la MwanaHALISI aliyemwagiwa kemikali usoni Januari 2008 akiwa afisini mwake, alichaguliwa mbunge wa Ubungo mwaka 2015. Wakosoaji wengi wameieleza safari ya aina hii kuwa ni usaliti wa taaluma. Maelezo hayo ni ya haraka mno. Katika lugha, kilichotokea ni kubadili mahali pa kusemea. Ibara ya 117 ya Katiba inampa mbunge uhuru wa kusema Bungeni, na Ibara ya 120 inakifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ndani ya ukumbi huo "anadaiwa" haihitajiki tena. Mheshimiwa aweza kusema "ameiba", na kinga ikamfunika. Lakini anayesikia mbunge wa chama akimshtaki mpinzani wake huipima sauti hiyo kwa mizani ya chama, na hata vipindi vya zamani, vinapotazamwa upya leo, husikika kana kwamba mgombea alikuwa tayari ameketi nyuma ya kipaza sauti. Huenda hilo si haki kwa vipindi hivyo. Ni gharama, hata hivyo, na inalipwa na wapekuzi waliobaki, wanaoulizwa kila mara watasimama jimbo gani.

Namu alifuata njia nyingine. Mwaka 2015 alishiriki kuanzisha Africa Uncensored, na akaendelea na uchunguzi nje ya vituo vikubwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya Kiingereza, na lugha ya Jicho Pevu haikupata mrithi wa kimo chake.

Kuna mahali pamoja ambapo maswali haya huacha kuwa ya nadharia. Kwa kifungu cha 86 cha sheria ya mwenendo wa kesi za madai, lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Mahakama za chini ndizo zinazoruhusiwa Kiingereza au Kiswahili. Anayehisi kuchafuliwa jina na kipindi cha Kiswahili, akienda Mahakama Kuu, lazima kipindi chenyewe kifasiriwe ndipo kipimwe. "Anadaiwa" ya runinga, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza cha polisi, hurudishwa katika Kiingereza cha mahakama. Hurudi ikiwa kielezi kile kile cha kujikinga, safi, bila deni, bila ngoma na bila sauti ya msomaji, na jaji huamua kesi juu ya maneno ambayo mtazamaji hakuyasikia.