Mbwa Asiyejikung'uta

Katika filamu ya Lassie Come Home, iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1943, mbwa anasafiri kutoka Uskoti hadi Yorkshire kumrudia mtoto aliyemlea. Njiani kuna mto. Lassie anajitosa, anapambana na mkondo, anafika ng'ambo, anajikokota hadi ukingoni na kuanguka kichwa kikiwa chini. Hajikung'uti. Yeyote aliyewahi kumwona mbwa akitoka majini anajua jambo la kwanza afanyalo: hujitikisa kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia. Halifikirii, mwili wenyewe ndio unaomtuma. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa yule aliuona ufuko, akaufikia, na hapo ndipo kazi yake ngumu ilipoanza: kuonekana amekwisha nguvu, wakati nguvu bado anazo.

Aliitwa Pal, naye alikuwa dume, ingawa Lassie wa hadithi ni jike. Mwalimu wake alikuwa Rudd Weatherwax. Onyesho hilo la mtoni ndilo lililowashawishi watengenezaji wa filamu kumpa Pal sehemu yote ya Lassie, na tangu hapo madume wa ukoo wake waliendelea kuiigiza. Mimi naliona onyesho lile kuwa kipimo cha ufundi mzima wa kuandaa mbwa kwa ajili ya filamu na televisheni. Kumfundisha mbwa kukimbia, kuruka au kubweka ni jambo ambalo watu wengi huliweza. Kumfundisha aache kufanya lile ambalo maumbile yanamsukuma kulifanya, na aliache kwa furaha bila kutishwa, hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Kazi yenyewe huanzia kwenye uteuzi, na hapo mafundi huona thamani pale ambapo wengine wameona usumbufu. Pal alipelekwa kwa Weatherwax kwa sababu alikuwa akibweka ovyo na kukimbiza pikipiki, na mwenye mbwa hakutaka kumchukua tena. Terry, jike mdogo aliyeigiza Toto katika The Wizard of Oz mwaka 1939, aliachwa kwa mwalimu Carl Spitz na watu waliochoshwa na tabia zake nyumbani. Frank Inn alimpata Higgins katika kituo cha wanyama waliotelekezwa huko Burbank, California. Mbwa huyo ndiye aliyekuja kuwa Benji katika filamu ya jina hilo ya mwaka 1974. Uggie wa filamu ya The Artist, ya mwaka 2011, alikuwa amewashinda waliokuwa naye kabla ya kufika kwa mwalimu Omar Von Muller. Hii si bahati nasibu. Mbwa anayechosha familia kwa kutotulia mara nyingi ana hamu kubwa: ya chakula, ya mpira, ya kuwa na shughuli. Mwalimu hutafuta hamu hiyo, kisha hutazama jambo la pili: je, mbwa akishtushwa na kelele hurudi haraka katika hali yake, au hubaki na hofu? Hamu inaweza kuelekezwa. Hofu ni vigumu kuificha mbele ya kamera.

Mafunzo yenyewe hujengwa kwa vipande vidogo sana. Mbwa hufundishwa kwanza kuweka miguu ya mbele juu ya kibao. Akifanya hivyo, mwalimu hubonyeza kidude cha mkononi kinachotoa mlio mfupi, kisha humpa kipande cha nyama. Mlio humwambia mbwa kwamba sekunde ile ile ndiyo iliyomstahilisha zawadi. Kibao hupunguzwa kidogo kidogo hadi kinakuwa kipande kidogo tu ambacho mtazamaji hawezi kukiona. Sasa mbwa anaweza kutumwa kutoka mlangoni akasimama mahali hasa ambapo mpiga picha ameshapima mwanga.

Baada ya hapo yanakuja macho. Mbwa anayetazama dirishani kwa majonzi huenda anamtazama mwalimu aliyesimama nje akiwa ameshika mpira. Mwalimu akihama hatua moja, mtazamo wa mbwa nao huhama, na maana ya onyesho hubadilika. Moose, mbwa wa aina ya Jack Russell aliyeigiza Eddie katika tamthilia ya Frasier iliyoanza mwaka 1993, alipata umaarufu hasa kwa kuketi na kumkodolea macho Frasier. Mwalimu wake, Mathilde de Cagny, alimfundisha kudumu katika mtazamo huo huku watu wakizungumza, wakicheka na kupita. Tunacheka kwa sababu mbwa hafanyi chochote, na yale macho yaliyotulia ni matunda ya mazoezi mengi.

Sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, walimu walipoteza chombo chao kikubwa. Zamani mwalimu aliweza kupaza sauti wakati kamera inazunguka. Sasa neno lake lingenaswa. Carl Spitz alisifika kwa kuwaongoza mbwa kwa ishara za mikono. Mtazame Terry katika The Wizard of Oz, pale Judy Garland anapoimba kwenye ua wa shamba la Kansas. Mbwa ametulia kando yake, anamfuata kwa macho, anatoa mguu. Mahali fulani nje ya picha kuna mkono unaomwongoza, nasi hatuuoni.

Kwa zama zetu, kazi iliyonigusa zaidi ni ya Messi, mbwa wa aina ya border collie aliyeigiza Snoop katika filamu ya Kifaransa Anatomie d'une chute, ya mwaka 2023. Mtoto anamlisha mbwa dawa ili kuthibitisha jambo linalohusu kifo cha baba yake. Tunamkuta Snoop amelala ubavu, ulimi nje, macho yamepoteza uhai. Mtoto anamtikisa na kichwa kinalegea mikononi mwake. Mwalimu Laura Martin Contini alifanya mazoezi na Messi kwa majuma mengi kabla ya onyesho hilo. Fikiria linahitaji nini: mbwa aliye macho, aliyezungukwa na taa na watu, anaguswa na mtoto anayelia, naye halambi mkono, hanyanyui sikio, hatikisi mkia. Kulegea hivyo kunadai imani, kwa sababu mnyama mwenye wasiwasi hukaza misuli.

Mkia ndio unaotoa siri zaidi. Katika Cujo, ya mwaka 1983, mwalimu Karl Lewis Miller aliandaa mbwa kadhaa wa aina ya Saint Bernard waigize mbwa mmoja mwenye kichaa. Waliurukia mlango wa gari kwa sababu vitu vyao vya kuchezea vilikuwa ndani, nao walifurahi mno hata mikia ikabidi ifungwe isipunge. Mtazamaji aliona ukatili; mbwa walikuwa mchezoni. Binti yake, Teresa Ann Miller, aliendeleza ufundi huo katika White God, filamu ya Hungaria ya mwaka 2014, ambapo ndugu wawili, Luke na Body, waligawana nafasi ya mbwa mmoja. Zaidi ya mbwa 200 wengine walitoka vituo vya wanyama waliotelekezwa, na baada ya filamu walitafutiwa nyumba.

Ndiyo maana upole katika kazi hii si pambo. Tasnia ya filamu ya Marekani ilijifunza kwa aibu: farasi alikufa baada ya kurushwa kutoka kwenye jabali katika Jesse James ya mwaka 1939, na mwaka uliofuata shirika la American Humane likaanza kusimamia utunzaji wa wanyama katika filamu za Hollywood. Lakini hata pasipo msimamizi, kamera yenyewe hushuhudia. Mbwa aliyepigwa hulaza masikio, hukunja mkia na kukwepa macho. Mwalimu mkali anaweza kupata utii; hawezi kupata ule utulivu wa Messi.

Tangu mwaka 2001, wakati wa tamasha la Cannes, hutolewa tuzo ya Palm Dog, ukanda wa ngozi wa shingoni, kwa mbwa aliyeigiza vizuri zaidi. Messi aliipata, Uggie pia, na walistahili. Hata hivyo, tuzo za Oscar hazina kundi la walimu wa wanyama, ilhali zinawaheshimu wasanifu wa mavazi na wapambaji wa nyuso. Hilo ni pengo, na linafaa kuzibwa. Mtu anayeweza kumfanya kiumbe asiyejua hadithi aibebe hadithi hiyo kwa macho na kwa utulivu wake ni msanii kamili, na tuzo anaistahili kwa jina lake mwenyewe.