Jinsi ya Kupima Mshono na Darizi: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kindu

Kindu ni mji ambao kitambaa hakiufikii ila baada ya safari ndefu: ama kimepanda reli kutoka Katanga, kwa ile njia ya Kongolo iliyokamilishwa mwaka 1910, ama kimepakiwa mtoni kutoka Ubundu na kupandishwa kinyume cha mkondo wa Lualaba, ama, kama ilivyo aghalabu siku hizi, kimeletwa kwa ndege kutoka Goma au Kinshasa; na kwa kuwa kila hatua ya safari hiyo huongeza bei yake, mama wa Kasuku au wa Mikelenge anayempa fundi kipande kizima cha yadi 6, yaani vitenge vitatu, cha kumshonea libaya na nguo zake mbili za kujifunga, huwa amemkabidhi pamoja nacho akiba ya muda mrefu. Palipo na maduka maridhawa, kosa la mkasi hulipwa kwa kununua kitambaa kingine. Kindu kosa hilohilo huweza kuwa hasara isiyo na fidia, kwa sababu rangi ile na ua lile havitapatikana tena sokoni. Kwa hiyo nawaandikia wanunuzi kabla ya mafundi, nikiamini kwamba mji wenye macho ya kujua kazi njema hupata mafundi wema, na kwamba macho hayo hufundishika.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba ila nyingi za nguo, hata zikionekana mbalimbali, zina asili moja, nayo ni kutopatana: uzi wa juu haukupatana na uzi wa chini, kitambaa hakikupatana na bitana yake, darizi haikupatana na nguo iliyoibeba, upande wa kulia haukupatana na wa kushoto. Fundi hodari ni msuluhishi wa vitu hivi, na maji ya kufulia ndiyo kadhi atakayehukumu kama suluhu yake ilikuwa ya kweli. Nguo mpya iliyopigwa pasi barazani kwa fundi hupendeza karibu daima. Swali la mjuzi ni itakuwaje baada ya kufuliwa kwa mkono, kukamuliwa, kuanikwa juani na kupigwa pasi ya makaa mara kwa mara.

Anayetaka kuyazoeza macho yake na aanze na kanzu, kwa sababu kanzu haina ua la kuficha aibu, na kwa sababu Maniema imeijua tangu enzi za waungwana wa Nyangwe na Kasongo, wakati merikani, ile nguo nyeupe ya Marekani, ilipokuwa ikiletwa kutoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi. Livingstone alipoingia Nyangwe mnamo Machi 1871 alikuta soko kubwa na wafanyabiashara wa pwani wameshatia makazi. Sehemu za kanzu zina majina yake, na mnunuzi ayajuaye hasemi na fundi kwa kubahatisha. Badani ndiyo mwili wa nguo, mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipanua kuelekea chini. Kikwapa ni kile kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono. Kaba ni kitambaa cha ndani kinachoimarisha shingo. Lisani hukaa nyuma ya mpasuo wa kifuani. Sijafu ni ukingo wa mkono uliokunjiwa ndani.

Itundike kanzu hiyo kwenye mti wa kutundikia nguo, simama mbali kidogo, utazame nyuzi za badani. Mtande, ambao ni nyuzi za urefu wa kitambaa, sharti uanguke wima kutoka begani mpaka pindoni, na mshindio uukate kwa usawa. Fundi akikata bila kuangalia nyuzi hizi, kanzu itaonekana sawa siku ya kwanza, walakini baada ya kufuliwa itajizungusha mguuni, na pindo la kulia litatangulia mbele. Kisha tazama taharizi. Kila moja ina ukingo mmoja uliokatwa wima na mwingine uliokatwa hanamu, na ule wa hanamu hunyumbuka kila uvutwapo. Asiyejua huushona huku ameuvuta, na mshono wote wa ubavuni hutokea umejaa mawimbi kama mchanga wa kando ya mto. Mwenye ujuzi huupiga bandi kwanza kwa mkono, akaulaza, akauacha utulie, ndipo aupitishe kwenye mashini.

Kikwapa ndicho mtihani mkubwa, na mimi sioni kipimo kilicho bora kuliko hicho. Mwambie mvaaji ainue mkono juu: kanzu isipande nzima pamoja na mkono. Halafu igeuze nguo, utie kidole kwenye pembe ya kikwapa, mahali ambapo mishono hukutana. Kazi njema huhisiwa kidoleni kuwa bapa na imara, bila kifundo na bila tundu, na kila mshono umekoma palepale mwenzake ulipoanzia. Wako mafundi ambao wamekiacha kikwapa kabisa ili wamalize upesi, nao hukuambia kwamba ndiyo mtindo wa sasa. Mtindo uwe wowote, kanzu ya namna hiyo isipokatwa kwa upana wa kutosha hupasuka kwapani, na kiraka cha kwapani hakifichiki.

Ama mshono wenyewe, hupimwa kwa ukucha na kwa kuvuta. Mashini ya kawaida, tangu Elias Howe alipopata hataza yake huko Marekani mwaka 1846 na Isaac Singer ya kwake mwaka 1851, hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa sindano na mmoja wa bobini, nazo zinatakiwa zikumbatiane katikati ya unene wa kitambaa, wala si juu yake wala si chini. Pitisha ukucha juu ya mshono, kisha upitishe upande wa pili: ukinasa vitanzi upande mmoja, nyuzi hazikupatana. Vuta mshono kwa upana: nyuzi zikijitokeza baina ya vitambaa viwili kama meno, zimelegea. Uvute kwa urefu, kwa upole: uzi ukikatika, umekazwa kupita kiasi. Katika kitambaa cha pamba cha wastani, mishono 10 hadi 12 katika inchi moja ni kadiri njema. Ikiwa chini ya 8 fundi alikuwa na haraka, na ikizidi mno katika kitambaa chepesi, sindano imekitoboa mpaka kikakaribia kuchanika kwa mstari. Sindano nayo ina hesabu yake: namba 70 kwa bafta na vitambaa laini, 80 au 90 kwa wax, na sindano butu hujulikana kwa nyuzi za kitambaa zilizovutwa pembeni mwa mshono.

Wapo wanaodhani kwamba mashini ya kukanyaga kwa miguu, ambayo mafundi wengi wa Kindu huitumia kwa kuwa umeme si wa kutegemewa, ni duni kuliko ya umeme. Sikubaliani nao. Mguu uliozoea huweza kuisimamisha mashini katika mshono mmoja kamili, kwenye ncha ya kola au pembe ya mfuko, mahali ambapo mashini ya kiwandani inayokwenda mbio humponyoka asiye mzoefu.

Na fadhila ya mashini hiyo haidhihiriki popote zaidi ya katika darizi, ambayo mafundi wetu huiita broderi. Fundi huondoa mguu mdogo unaokandamiza kitambaa, huyashusha au kuyafunika meno yanayokisogeza, hukikaza kitambaa ndani ya duara la mti, kisha hukanyaga kwa miguu huku mikono miwili ikilisogeza duara kulia na kushoto chini ya sindano inayopanda na kushuka mahali pamoja. Mashini haijui ua wala jani. Ujuzi wote umo katika kupatana kwa mwendo wa mguu na mwendo wa mkono. Mkono ukitangulia, mishono huwa mirefu na kulegea. Mguu ukitangulia, nyuzi hurundikana na kufanya vinundu. Kwa hiyo tazama kingo za jani lililojazwa: ziwe safi pande zote mbili, bila uzi mmoja kuchomoza na mwingine kupungukiwa. Tazama duara, mahali lilipoanzia na lilipoishia, kwani hapo ndipo mkono uliochoka hujisaliti.

Halafu igeuze. Hii ndiyo haki ya mnunuzi, na haina utovu wa adabu ikiombwa kwa adabu: “Papa fundi, naomba nione na ndani.” Katika mshono mpana wa kujazia, ule wa kwenda na kurudi, uzi wa juu unatakiwa uvutwe kidogo chini, hata uzi wa bobini uonekane upande wa ndani kama utepe mwembamba katikati, kadiri ya theluthi ya upana, na uzi wa rangi ukionekana kando zake zote mbili. Utepe huo ukiwa umetanda upana wote, uzi wa juu umekazwa mno, na hatimaye weupe wa bobini utachungulia upande wa nje; usipoonekana kabisa, uzi wa juu umelegea na utanaswa na kila kifungo na kila ukucha.

Usiikadirie darizi ikiwa imeshikwa mkononi. Ilaze juu ya meza, bila kuivuta, utazame kitambaa kinachoizunguka: kikijikunyata kama ngozi iliyokaa majini, ama hakikuwekewa karatasi au kitambaa kigumu nyuma yake wakati wa kudarizi, ama kilivutwa sana ndani ya duara na sasa kimerudi katika hali yake, na pasi haitaliponya jambo hilo. Kisha kunja sehemu iliyodariziwa: ikunjike. Wateja wengi husifu darizi nzito inayosimama kifuani kama ubao, wakidhani wingi wa uzi ndio thamani, ilhali uzi uliorundikwa hivyo huikata nguo iliyo chini yake, na bubu la gharama huanza kuachana na maua yake shingoni. Mwisho, likunje bubu katikati, bega juu ya bega, uliinue juani: ua la kulia lilale juu ya ua la kushoto. Hitilafu ya unene wa uzi mmoja ni alama ya mkono wa mtu, nami huipenda. Hitilafu ya upana wa kidole ni uzembe wa kuchora.

Darizi za mashini zenye kompyuta, kama za Tajima na Barudan za Japani, hupimwa kwa mizani nyingine. Hizo hazikosei ulinganifu, basi tafuta mahali ambapo mstari wa pembeni umeachana na ujazo wake, na nyuzi zinazoruka kutoka herufi hadi herufi bila kukatwa. Na darizi ya mnyororo, iliyoingia katika mashini kwa uvumbuzi wa Mfaransa Bonnaz mwaka 1865, ni ya uzi mmoja tu. Ncha yake isipofungwa, mvuto mmoja hulifumua ua zima.

Juu ya uzi nina usia mfupi. Uzi wa reyoni hung’aa kwa uzuri usio na mfano, lakini javeli huuharibu; wa poliesta huistahimili zaidi, ila pasi ya makaa iliyopata moto sana huuyeyusha, hivyo darizi ipigwe pasi kwa upande wa ndani, juu ya taulo. Uzi mwekundu ujaribiwe kabla ya kutiwa katika nguo nyeupe: uloweshe, uubane ndani ya kitambaa cheupe, uone kama unatoka rangi.

Kitambaa nacho kifuliwe kabla ya kukatwa. Najua kina mama wengi hawapendi, kwa sababu wax mpya ina mng’ao wake na karatasi ya kiwanda ingali imebandikwa. Lakini pamba ikipungua sehemu 3 tu kwa 100, yadi 6 hupoteza sentimita 16 hivi, na ni bora zipotee kwenye beseni kuliko kiunoni. Kuijua wax ya kweli si kazi: rangi hupenya mpaka upande wa pili, pande zote mbili zikakaribia kufanana, na jina la kiwanda, kama Vlisco ya Uholanzi, huchapwa ukingoni. Kitambaa hafifu kilichojazwa wanga hujulikana kwa kusuguliwa baina ya vidole, kwani unga wake huanguka.

Vipande vinavyobaki visitupwe. Mfarishi wa viraka ni kazi ya heshima, alimradi usichanganye kipya na kilichokwisha kufuliwa, na pembe za viraka vinne zikutane katika nukta moja.

Ukishaijua kazi ya fundi, mpe wasaa. Kabla ya Idi na kabla ya tarehe 8 Machi, wakati kila baraza limejaa vitambaa vya sikukuu, hata mkono mwema huacha bandi na kurefusha mshono. Mpelekee nguo mwezi mmoja kabla. Na siku ya kupimwa umwombe akuachie akiba ndani ya mishono ya ubavuni, upana wa vidole viwili kila upande, akiizungushia uzi ukingoni isifumuke, kwa kuwa mwili hubadilika na kitambaa kile, kama nilivyosema, hakitapatikana tena sokoni.